Ubora wa mawimbi: mstari wa pili kwenye king'amuzi

Kwenye ving'amuzi vingi, ukibonyeza INFO mara mbili utaona mistari miwili: nguvu na ubora. Nguvu ni wingi wa kinachoingia kupitia kebo, kiwe safi au kichafu. Ubora huonyesha king'amuzi kinayasoma mawimbi hayo kwa usahihi kiasi gani. Watu hukazania mstari wa kwanza, wakati picha inategemea zaidi wa pili.

Enzi za analojia, ambayo ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mawimbi yakififia ulipata chenga lakini taarifa ya habari uliiona. Dijitali haina chenga. King'amuzi husahihisha makosa kimyakimya mpaka kizidiwe, ndipo picha hukatika vipande vya mraba, huganda, kisha kioo kinakuwa cheusi. Ndiyo maana picha safi ya leo inaweza kuwa ukingoni kabisa, ikapotea kwa upepo mdogo tu.

Nguvu ikiwa juu na ubora uko chini, usikimbilie kununua busta: inakuza mawimbi pamoja na uchafu wake. Tafuta uchafu unakotoka. Kigoma mjini mara nyingi ni vilima. Mawimbi hugonga mteremko na kufika kwako mara mbili, yaliyonyooka na yaliyorudi. Nyumba ikiwa nyuma ya kilima, kuhamisha mlingoti upande mwingine wa kiwanja kunaweza kusaidia kuliko kuurefusha. Tabora ni tambarare, lakini ina miembe mikubwa yenye majani mazito mwaka mzima, na majani yaliyolowa hunywa mawimbi. Pandisha antena ipite majani.

Masika hutatanisha. Picha ikirudi majani yanapokauka, tatizo ni mti. Isiporudi hata baada ya siku mbili za jua, shuku kebo. Menya ncha ya juu: nyuzi za nje zinatakiwa kung'aa, zikiwa nyeusi au za kijani, maji yameshaingia. Kata nyuma mpaka ufikie nyuzi safi, na hakikisha hakuna hata uzi mmoja unaogusa waya wa katikati. Kisha funga mpira wa kuzuia maji, na uache kebo ining'inie kidogo chini ya tundu la ukutani ili maji yadondoke nje.

Pima pia fito za antena. Matangazo ya dijitali yako UHF, yaani masafa ya juu yenye mawimbi mafupi, ambako fito huwa na sentimita 25 hadi 30 hivi. Antena ya zamani yenye fito zinazokaribia sentimita 75 ni ya VHF, masafa ya chini yake yenye mawimbi marefu zaidi. Hiyo badilisha, hakuna kuielekeza kutakakoiponya.

Unapozungusha, geuza kidogo sana, subiri sekunde tano, ndipo usome ubora, kwa sababu mstari huchelewa. Anayezungusha bila kusubiri huipita sehemu nzuri bila kujua. Kama antena yako ina busta ndani, washa umeme wa antena kwenye menyu, volti 5; ukizimwa, mistari yote miwili inaweza kulala chini hata kama umeielekeza sawasawa.