Teria hakuzalishwa kwa ajili ya kushinda bandani

Wengi wanaonipigia simu kuhusu mbwa wa familia huanza na ukubwa. "Daktari, nataka kambwa kadogo, ka kucheza na watoto, kasikotisha wageni." Kisha wanataja Jack Russell, kwa kuwa wamemwona kwa jirani wakampenda. Kabla sijajibu lolote, mimi huwauliza: mchana mbwa huyo atashinda wapi?

Ninauliza hivyo kwa sababu Jack Russell ni teria (terrier), kundi la mbwa wa kuwindia, na teria hawakuzalishwa wawe wadogo na wapendeze. Wengi wao walizalishwa Uingereza na Ireland ili wawe wadogo wa kutosha kuingia shimoni. Jack Russell amepewa jina la mchungaji wa Kianglikana wa Devon, John Russell, aliyezaliwa mwaka 1795. Mwaka 1819, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alinunua kwa muuza maziwa jike mmoja mweupe aliyeitwa Trump, na kutokana na uzao wake akaendeleza mbwa wa kuwindia mbweha. Kazi yao ilikuwa kumfuata mbweha chini ya ardhi, kumbwekea bila kuchoka mpaka atoke, au mpaka watu walio juu wajue mahali pa kuchimba. Humo ndani hakukuwa na bwana wa kutoa amri. Mbwa aliamua peke yake, gizani, akitazamana na mnyama mwenye meno kama yeye.

Kwa hiyo huyo anayefukua bustani yako, anayebwekea kila kinachopita nje ya geti, na anayekuwa kama kiziwi akishanusa panya, hana ukorofi. Anafanya kazi aliyoirithi. Ukiielewa kazi hiyo utaishi naye vizuri sana. Ukiipuuza, mtateseka wote wawili.

Hapa kwetu Arusha, na miji mingi ya Tanzania na Kenya, mbwa hufungiwa bandani asubuhi na kufunguliwa usiku alinde nyumba. Simwombei mbwa yeyote maisha hayo, lakini teria ndiye anayeharibika haraka kuliko wote. Anaanza kwa kubweka mchana kutwa. Baadaye anazunguka akifukuza mkia wake, au analamba mguu mmoja mpaka manyoya yanaisha na ngozi kuwa nyekundu. Nikimfunua mdomo, mara nyingi chonge zake ndizo zinazonieleza anavyoishi: zimesagika upande wa nyuma, zimekuwa bapa, nyingine zimekatika, kwa kung'ata wavu na nondo za banda. Mbwa wa miaka miwili, meno ya mzee. Siku anapofunguliwa, nguvu zote alizozikusanya zinamwishia paka, jirani, au mtoto anayepita mbio. Hapo mwenye mbwa ananiambia, "Daktari, huyu amekuwa mkali." Hakuwa mkali. Amefungwa mno.

Kama nyumbani kwako hakuna mtu wa kumtoa asubuhi na jioni, chukua mbwa wa aina nyingine, nami nitakusaidia kumchagua. Kama yupo, mtoe kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali, halafu tena jioni, nusu saa hadi saa nzima kila mara. Mtembeze kwa kamba iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani. Usimwachie barabarani hata awe msikivu kiasi gani, maana akiona paka upande wa pili haoni bodaboda inayokuja.

Miguu pekee haitoshi, pua nayo inahitaji kazi. Tenga kona moja ya uwanja, uijaze mchanga laini, uzike humo vipande vya nyama kavu. Akifukua hapo msifu, akifukua kwenye mboga mrudishe konani. Chakula chake cha asubuhi usikiweke kwenye bakuli. Kitawanye kwenye majani akitafute, au kifiche ndani ya boksi lenye matambara. Robo saa ya kunusa humtuliza teria kuliko watu wanavyodhani. Mafunzo nayo yawe mafupi, dakika tano tano, kwa vipande vidogo vya maini. Kumchapa hakumfundishi chochote. Alizalishwa asirudi nyuma akiumizwa, na ukimpiga atakujibu hivyo hivyo.

Ua wa michongoma haumzuii. Wavu uzikwe angalau sentimita 30 chini ya ardhi, na uwazi wa chini ya geti uzibwe.

Teria hawafanani wote. Jack Russell ana kilo 5 hadi 6 na nguvu za mbwa wa kilo 20. Yorkshire ni mdogo zaidi, kilo 3 hivi, anaweza kuishi kwenye fleti, ila mifupa yake ni myembamba na mtoto wa miaka mitatu akimwangusha anamvunja mguu. Meno yake huoza mapema yasiposafishwa. Westie, yule mweupe wa Scotland, anapendeza lakini ukoo wake unasumbuliwa sana na mzio wa ngozi, na joto la pwani pamoja na viroboto humzidishia. Bull Terrier mweupe akilala juani chali anaungua tumboni, na kwa miaka mingi ngozi iliyoungua hivyo huweza kugeuka saratani. Huyo anahitaji kivuli cha kweli. Airedale ni mkubwa, anafika sentimita 60 begani, na hapa kwetu hapatikani kirahisi.

Ukishaamua aina, usinunue mtoto wa mbwa anayeuzwa kandokando ya barabara ndani ya boksi. Wengi wao nawaona siku chache baadaye wakiharisha damu kwa ugonjwa wa parvo. Nenda alikozaliwa, umwone mama yake, uangalie anavyowapokea wageni. Asiondolewe kwa mama kabla ya wiki nane. Piga makofi nyuma yake uone kama anageuka, kwa kuwa baadhi ya Jack Russell huzaliwa viziwi. Mtazame akikimbia: akiruka hatua mbili tatu kwa mguu mmoja wa nyuma umekunjwa, halafu akaushusha kama kawaida, huenda kifuniko cha goti kinahama. Jack Russell hurithi pia tatizo la lenzi ya jicho kuachia, linalojitokeza ukubwani na kupofusha haraka, kwa hiyo uliza kuhusu macho ya wazazi. Na hesabu miaka atakayoishi. Utafiti wa Royal Veterinary College ya Uingereza uliochapishwa 2022 ulimweka Jack Russell juu ya aina nyingine zilizolinganishwa, kwa wastani wa miaka 12.7. Mtoto wako anayeanza darasa la kwanza leo anaweza kumaliza kidato cha sita mbwa yuko hai.

Watoto wadogo wasiachwe naye peke yao, hasa akiwa anakula au ana mfupa. Teria wengi hawapendi kukumbatiwa shingoni, nao huonya mara moja tu. Kuku na sungura wako sikufichi: hatawazoea. Wajengee banda ambalo hawezi kulifukua.

Maradhi ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, maana teria wetu anakutana na wanyama ambao John Russell hakuwajua. Nyoka kwanza. Mbwa mwingine hubweka kwa mbali. Teria anaingia kwa uso. Swila akimtemea sumu machoni, jicho linavimba na kufumba papo hapo. Lisafishe kwa maji mengi safi kwa dakika 15 bila kukatisha, kisha mlete, kwa sababu sumu ile huchubua kioo cha jicho. Akiumwa na kifutu, usichanje, usifunge kamba. Mbebe, asitembee, mfike haraka.

Sumu ya panya inaua teria wengi kwa sababu anakula panya mwenyewe aliyekula sumu. Aina moja huzuia damu kuganda: mbwa anaonekana mzima kwa siku mbili hadi tano, ndipo fizi zinapauka na damu inatoka puani. Huyo anaokolewa kwa vitamini K1 ya wiki kadhaa, basi njoo na pakiti ya sumu hata kama haonyeshi dalili. Sumu nyingine, hasa zinazouzwa mitaani bila lebo, hushambulia mishipa ya fahamu, na ndani ya saa moja anatokwa mate na kutetemeka. Usimnyweshe maziwa wala mafuta kwa nguvu. Yataingia mapafuni.

Mjusi naye si mchezo usio na madhara. Mnyoo uitwao Spirocerca lupi huanzia kwa mende wa mavi. Mjusi, panya au kuku humla mende, mbwa humla mjusi, na mnyoo hupita kwenye ukuta wa mshipa mkubwa wa damu mpaka kwenye umio, ambako hujenga uvimbe. Ukiona teria anarudisha chakula kikiwa hakijasagika, usimpe tu dawa ya minyoo ya dukani, mara nyingi haimfikii mnyoo huyu.

Kupe wa kahawia wa mbwa hakai sana kwenye majani, anakaa kwenye nyufa za ukuta na mbao za banda, kwa hiyo banda nalo litibiwe. Ndiye anayeleta ehrlichia, ugonjwa ambao zamani vitabu vya tiba viliuhusisha na Nairobi kwa jinsi ulivyowatoa mbwa damu huko. Kila jioni pitisha vidole ndani ya masikio, katikati ya kucha, chini ya mkia na chini ya mkanda wa shingo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe msimtumie. Kwa mbwa wa kilo 6, kosa dogo la kuchanganya linatosha kumuua.

Ugali kwa dagaa anaweza kula, ila dagaa wasitiwe chumvi wala kitunguu, na usiwe ugali mtupu siku zote. Nyama na yai viwemo. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, itupwe.

Chanjo ya parvo na wenzake huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki tatu nne mpaka wiki ya 16. Kichaa cha mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu na kurudiwa baada ya mwaka. Mtoto akiumwa na mbwa, hata wa nyumbani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na kadi ya chanjo ya mbwa iende pamoja naye.