Kitoweo, nyama, protini

Asubuhi moja sokoni Mgandini, hapa Tanga, nilikuwa nimesimama kwenye meza ya nafaka nasubiri kupimiwa choroko. Mbele yangu alikuwepo binti na mtoto mgongoni, mtoto wa mwaka hivi, kafungwa vizuri kwa kanga. Kwenye kikapu chake alikwisha tia nusu kilo ya kunde na kopo moja la dagaa. Muuzaji akamuuliza habari za mtoto, naye akajibu kwa sauti ya mtu aliyejilaumu njia nzima: "Kliniki wamesema uzito haupandi, nimpe protini. Hela ya nyama mie sina, mama. Hizi kunde ni za kushibia tu."

Nimesomesha sayansi kimu miaka mingi na sentensi hiyo nimeisikia kwa sura nyingi. "Leo hatuna kitoweo, kuna maharage tu." "Mzee hataki protini, anakula majani." "Mtu asiyekula nyama atapata wapi afya?" Kila mara najiambia niache, ni maneno ya watu. Lakini siku hiyo neno lilikuwa limemfanya mama aliyebeba dawa ya mwanawe aamini kikapu chake ni kitupu. Ndiyo maana naandika.

Maana yenyewe ni fupi. Nyama ni mwili wa mnyama unaoliwa. Kitoweo ni chochote unacholia ugali, wali au muhogo ili ushuke. Protini ni kirutubisho kilichomo ndani ya vyakula vingi, ambacho mwili hukitumia kujengea misuli, damu, ngozi na vingine vingi. Nyama unaweza kuikata kwa kisu, kitoweo ni kazi ambayo chakula hupewa sahanini, na protini huioni kwa macho. Maneno haya matatu hayapangi nyumba moja, ila sisi tumeyalaza kitanda kimoja.

Tuanze na kitoweo, kwa sababu hapo ndipo panaponiuma. Neno linatokana na kitenzi kutowea. Wazee wa hapa bado wanakitumia: "Unatowea nini leo?" Kutowea ni kula chakula kikavu pamoja na kitu cha kukilainisha na kukipa ladha. Mtazame mtu mzima aliyekaa mkekani akila bada, yaani ugali wa makopa ya muhogo. Anamega, anaviringisha tonge kwa vidole, analibonyeza kwa dole gumba mpaka lifanye kishimo, kisha analichovya kwenye mchuzi likatoka na punje mbili tatu za kunde ndani ya kile kishimo. Huko ndiko kutowea. Kitenzi kinaeleza kitendo cha mkono na tonge, wala hakimtaji ng'ombe.

Sasa angalia umbo la neno. Lina ki- mwanzoni na -o mwishoni, kama kizibo kutoka kuziba na kifuniko kutoka kufunika. Maneno ya namna hii hutaja kifaa kwa kazi yake, hayatazami kimetengenezwa kwa nini. Chupa ya mafuta ya nazi ukiiziba kwa gunzi la mhindi, lile gunzi ni kizibo. Ukiiziba kwa kitambaa kilichosokotwa, kitambaa ni kizibo. Hakuna atakayekuambia chupa yako haina kizibo kwa kuwa hukununua cha plastiki. Basi kwa nini mwenye maharage ya nazi aambiwe hana kitoweo? Kunde, mbaazi, choroko, kisamvu, pweza, kibua wa kukaanga, mchuzi wa chukuchuku, vyote vikishusha tonge ni vitoweo.

Najua watakaonijibu kwamba pwani tangu zamani mtu akitaja kitoweo, akilini humjia samaki au nyama. Ni kweli, na hilo silipingi. Neno lina mazoea yake, na watu waliokaa na bahari mlangoni lazima wafikirie samaki kwanza. Lakini mazoea si mpaka wa neno. Wenzetu wa bara wametenda kinyume chetu. Wao husema mboga, na ukimuuliza mtu leo mboga gani, anakujibu "nyama" bila kuona ajabu yoyote. Mgeni wa pwani akilisikia hilo mara ya kwanza hushangaa, maana kwetu mboga ni mchicha, matembele na wenzake. Bara wamelichukua jina la majani wakalipa kazi ya kitoweo chote, nasi tumelichukua jina la kitoweo chote tukataka kumpa ng'ombe peke yake. Kati ya makosa mawili, la kwetu ndilo linalomnyima mtu chakula.

Nyama nayo ina yake. Ni ndugu wa mnyama, shina moja, na lugha nyingi za Kibantu hutumia neno hilohilo kwa mnyama na kwa nyama yake. Ila Tanga samaki hatumwiti nyama. Mtu anakula changu Jumatatu, dagaa Jumatano na ngisi Ijumaa, kisha anakuambia kwa huzuni kwamba mwezi mzima hajaonja nyama. Kwa lugha yetu amesema sahihi. Akiongeza kwamba kwa hiyo hajapata protini, hapo amekosea kabisa.

Hilo neno protini lina historia ambayo laiti ingebandikwa kila kliniki. Mwaka 1838 mkemia wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius, alimwandikia mwenzake wa Uholanzi, Gerardus Johannes Mulder, akampendekezea jina la dutu ambayo Mulder alikuwa akiichunguza. Alilichota kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kilicho cha kwanza, kinachotangulia. Na katika barua hiyohiyo alieleza kwamba dutu hii mimea ndiyo inayoitayarisha kwa wanyama wanaokula majani, nao wakaipitisha kwa wale wanaokula nyama. Kwa hiyo neno lilipozaliwa tayari lilijua kwamba protini huanzia kwenye mmea. Ng'ombe wa Muheza haiumbi kutoka hewani. Vijidudu vya tumboni mwake na majani anayokula ndivyo vinavyomwezesha.

Aliyechangia kulichanganya ni mkemia Mjerumani, Justus von Liebig. Miaka ya 1840 alifundisha kwamba misuli inapofanya kazi hujichoma yenyewe, kwa hiyo mfanyakazi hawezi bila protini nyingi, na protini kwake maana yake ilikuwa nyama hasa. Baadaye jina lake lilipewa kampuni ya kuuza rojo la nyama ya ng'ombe. Mwaka 1865 wanasayansi wawili, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, wakaamua kujaribu kwa miguu yao. Walipanda mlima Faulhorn huko Uswisi, karibu mita 1,950 kwenda juu, wakila mikate ya wanga iliyokaangwa kwa mafuta na kunywa chai ya sukari, bila chakula chenye protini. Wakapima kwenye mkojo wao mabaki ya protini, wakakuta kwamba ile iliyotumika mwilini isingetosha kuwafikisha kileleni. Nguvu ya kupandia ilitoka kwenye wanga na mafuta. Kila nikimsikia mtu akisema mchukuzi wa bandarini lazima ale nyama apate nguvu, nawakumbuka wale wawili na mikate yao. Nguvu za kubeba gunia zinatoka kwenye ugali. Protini anaihitaji, ila kwa kukarabati mwili.

Je, nyama ni lazima kwa afya? Kwa mtu mzima mwenye mlo mchanganyiko, si lazima. Protini zimejengwa kwa asidi amino 20, yaani vijenzi vyake vidogo, na 9 kati yake mwili hauwezi kujitengenezea, lazima uzile. Nyama, samaki, mayai na maziwa huzileta zote 9 kwa kipimo kizuri. Mahindi yana upungufu wa moja iitwayo laisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Maharage nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Ndugu zetu wa Usambara waliochanganya vitu hivyo katika sufuria moja wakaviita makande hawakusubiri maabara. Wala si lazima viwe kwenye sahani moja. Vikiliwa siku hiyohiyo, mwili unajua kuvikutanisha.

Kiasi chenyewe si kikubwa kama watu wanavyodhani. Kipimo cha kimataifa kwa mtu mzima ni gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 50 kwa siku. Robo kilo ya unga wa dona ina gramu 20 hivi, gramu 100 za maharage makavu zina kama 22, glasi ya maziwa ina 8. Keshafika, na bucha hajapita. Aongeze kidogo tu, maana protini ya mimea haisagwi tumboni yote. Lakini hesabu hii naomba isihamishwe kwa anayekula bada. Unga wa muhogo robo kilo hauna zaidi ya gramu 5 hivi. Kwa mla muhogo kitoweo hubeba mzigo karibu wote, ndipo kunde au dagaa wanapokuwa jambo la lazima, na mchuzi mtupu wa bamia hautoshi.

Sitaki kumdanganya mtu upande wa pili. Yapo mambo ambayo nyama huyafanya vizuri kuliko kunde. Madini ya chuma ya kwenye nyama na samaki mwili huyapokea kwa urahisi, ya kwenye mimea huyapokea kwa kusitasita. Kukamulia ndimu kwenye mboga husaidia sana, na chai huharibu. Kifungua kinywa chetu cha mbaazi za nazi na maandazi ni chakula chema, ila ile chai ya rangi tunayoiteremshia papo hapo inazuia chuma cha zile mbaazi. Ikisubiri saa moja hivi, hakuna ugomvi. Kisha kuna vitamini B12. Hiyo mimea haina. Hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, au ikiongezwa kiwandani. Anayeacha nyama lakini anakunywa maziwa, anakula mayai au samaki, anaweza kuipata huko. Anayeacha vyote kabisa lazima ameze vidonge vyake au ale vyakula vilivyoongezwa, na asijipe moyo kwa kujiona mzima, kwani ini huweka akiba ya miaka kadhaa na upungufu hujitokeza kwa kuchelewa, kwenye damu na kwenye mishipa ya fahamu.

Na soseji, kwa kuwa siku hizi zinapewa watoto kwa jina la protini: mwaka 2015 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaochunguza saratani uliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vile ambavyo huenda vinasababisha. Hilo halimaanishi kipande cha pilau ya Idi kitamdhuru mtu. Linamaanisha neno protini halikisafishi kila kinachoitwa hivyo.

Katika makundi matano ya vyakula tuliyoyafundisha miaka yote, kunde na vyakula vya asili ya wanyama viliwekwa kundi moja. Watoto walikuwa wakiimba darasani: maharage, njugu mawe, samaki, mayai, senene. Havikuwekwa pamoja kwa kukosa nafasi ubaoni.

Nirudi kwa yule binti, maana nilimgusa bega. Aliniamkia, nikaitikia marahaba, nikamwambia nimesikia maneno yake na anisamehe kwa kuyaingilia. Nikamwonyesha kikapu chake mwenyewe. Kliniki hawakukosea, mtoto anaihitaji protini, na kwa umri wake inafaa kila siku apate kitu cha asili ya mnyama, maana tumbo lake ni dogo na chuma anachohitaji ni kingi. Nikamwambia hao dagaa ndio hicho kitu. Awatoe vichwa na matumbo, awakaushe kwenye kikaango bila mafuta, awatwange wawe unga, atie kijiko kwenye uji au kwenye kunde zilizoloweshwa usiku, zikachemshwa na kupondwa bila maganda. Yai akilipata ampe. Uzito usipopanda arudi kliniki, asingoje tarehe ya kadi.

Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo bibi, nyama nisimpe?"

"Ukiipata mpe, mwanangu, imekatwa ndogo na kuiva sana. Lakini ukiikosa sema nyama sina. Usiseme protini sina, nawe umeibeba."