Mtoto mwenye mgongo wazi: maswali ambayo wazazi huuliza

Mgongo wazi hutokana na nini, na je, mama ndiye aliyekosea?

Katika wiki nne za kwanza za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito, neva za mtoto hujikunja na kufunga kama neli ambayo baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo. Neli hiyo isipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, yaani uwazi au uvimbe mgongoni. Isipofunga upande wa juu, sehemu kubwa ya fuvu na ubongo hukosekana, na mtoto wa namna hiyo hufariki tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Vinavyochangia ni upungufu wa foliki asidi (aina ya vitamini B), urithi, kisukari kisichodhibitiwa, na baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti. Hakuna laana wala mkono wa mtu. Baba anayemtelekeza mama kwa sababu hii, jambo ambalo kwa bahati mbaya bado linatokea, anamwadhibu kwa hali ambayo huenda damu yake mwenyewe imeichangia.

Afanyiwe nini mara tu anapozaliwa?

Alazwe kifudifudi au kiubavu, na uvimbe ufunikwe kwa chachi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha plastiki safi juu yake ili usikauke. Usipakwe spiriti, mafuta wala dawa ya majani. Mtoto aendelee kunyonya, isipokuwa daktari akielekeza vinginevyo, na apelekwe bila kuchelewa kwenye hospitali yenye wapasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoko Dar es Salaam. Inapendekezwa mgongo ufungwe ndani ya siku mbili au tatu za kwanza, kwa kuwa uwazi ule ni mlango wa vijidudu vya homa ya uti wa mgongo. Hata hivyo, mzazi aliyechelewa kwa wiki kadhaa asijione amekwisha kushindwa. Mtoto apelekwe tu. Ni vema pia kufahamu mapema kwamba upasuaji huzuia madhara zaidi, lakini haurudishi mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika.

Kwa nini kichwa huongezeka?

Wengi wa watoto hawa hupata pia kichwa kikubwa, yaani maji ya ubongo kushindwa kutiririka. Tiba ya kawaida ni shanti, mpira mwembamba unaopitishwa chini ya ngozi ili kuyashusha maji hadi tumboni. Ipo njia nyingine isiyoacha mpira mwilini, inayotumia kamera ndogo, ambayo daktari Mmarekani Benjamin Warf aliiendeleza Mbale, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kuzingatia kwamba shanti huweza kuziba na familia nyingi huishi mbali na hospitali. Mtoto mwenye shanti akianza kutapika, kusinzia kupita kawaida, kupata degedege, utosi ukijaa au macho yakielekea chini, asisubiri siku ya kliniki. Hiyo ni dharura.

Mgongo umepona vizuri. Je, kuna la kuogopa tena?

Lipo, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote kwa maisha yake ya baadaye: figo. Mishipa inayoongoza kibofu hutoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, hivyo karibu kila mtoto mwenye mgongo wazi ana kibofu kisichojimaliza, hata kama nepi hulowa mchana kutwa. Mkojo unaobaki huleta maambukizi, na shinikizo likizidi hurudi juu na kuziharibu figo polepole, bila maumivu, kwa muda wa miaka. Mzazi huona mtoto anacheza na kuongezeka uzito, akaacha kliniki. Wengine hurudi figo zikiwa zimeshachoka.

Kinga yake ni kumtoa mkojo kwa mpira mwembamba safi, unaopitishwa kwenye njia ya mkojo hadi kibofuni, kila baada ya saa tatu au nne wakati wa mchana. Mzazi hunawa mikono kwa sabuni, huingiza mpira taratibu hadi mkojo utoke wote, kisha huuchomoa; mahali ambapo mipira ni adimu, ule ule huoshwa, hukaushwa na kuhifadhiwa kwenye chombo safi kama muuguzi atakavyoelekeza. Mama wengi huogopa mara za kwanza, kisha hulifanya kama kumbadilisha nepi, na mtoto anayeweza kutumia mikono yake vizuri hujifunza kulifanya mwenyewe akiwa shuleni. Mipira na glovu zisiwe za lateksi (mpira wa asili utokanao na utomvu wa mti), kwani watoto hawa hupata mzio wake kwa urahisi. Choo kigumu nacho huubana mkojo, kwa hiyo maji, matunda na kukalishwa chooni saa ile ile kila siku ni sehemu ya tiba.

Je, atatembea na kusoma?

Inategemea kimo cha uwazi: ukiwa chini kabisa, wengi hutembea, baadhi kwa viatu maalumu, ukiwa juu, kitimwendo humfikisha mbali zaidi ya magongo yanayomchosha. Wengi huenda shule za kawaida, ingawa aliyepata kichwa kikubwa anaweza kuhitaji muda zaidi katika hesabu. Kila jioni miguu yake ikaguliwe, kwa maana haihisi jiko wala msumari. Akianza kuanguka au kulowa kuliko zamani wakati wa kukua haraka, aonwe na daktari: uti unaweza kuwa umeshikwa na kovu.

Na mimba ijayo?

Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kuwa miligramu 4 za foliki asidi kwa siku hupunguza kurudia kwa tatizo hili kwa karibu asilimia 70. Dozi hiyo kubwa, itakayoandikwa na daktari, ianze angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12, na binti mwenye mgongo wazi anayetaka kuzaa anahitaji vivyo hivyo. Mwanamke asiye na historia hiyo hutosheka na miligramu 0.4. Vidonge vinavyoanzwa kliniki mimba ikiwa na miezi minne hufaa kwa damu, lakini neli ilikwisha kufunga. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliagiza unga wa viwandani utiwe foliki asidi. Unaosagwa kwenye mashine ya mtaani kwa kawaida hauna.