Mhadhiri mshauri hapeleki siri zako darasani

Kuanzia vyuo vya Malimbe hadi Bugando, wanafunzi wengi wa Mwanza huamini kuwa mhadhiri wa saikolojia ambaye pia ni mshauri nasaha akisikiliza matatizo yako leo, kesho utakuwa mfano ubaoni. Sivyo. Maadili ya kazi yanamtaka asimhudumie mwanafunzi anayemsahihishia mitihani. Humpeleka kwa mshauri mwingine, maana anayehofia alama hafunguki. Hilo ndilo la msingi kabisa.

Kikao huchukua takriban dakika 50. Kabla ya kuanza, unaelezwa mipaka ya siri, yaani pale inapoweza kutolewa: hatari ya kujiua au kumdhuru mtu, mtoto anayenyanyaswa, amri ya mahakama. Uliza hapo hapo maelezo yako yatafungiwa wapi na nani atayasoma. Kurekodi kikao kwa ajili ya mafunzo kunahitaji idhini yako, na ukikataa bado unastahili kuhudumiwa.