Kuomba zamu hewani siyo kugombania netiweki

Hapa Kigoma simu ikigoma kutuma kitu jibu ni lilelile, "netiweki inagombaniwa". Mafundi wanasema, wauza laini wanasema, na kuna mtu kaniambia eti hata waifai ya ofisini kwao "inaomba kwa mnara". Hapana jamani, kuomba zamu na kugombania ni vitu viwili na vinaharibika kwa sababu tofauti.

Maana yenyewe fupi: kugombania ni kila kifaa kujirushia bila kupangiwa, na vifaa vingi vikirusha kwa pamoja kwenye masafa yaleyale mawimbi yanagongana, mpokeaji anaambulia kelele. Kuomba zamu ni pale kifaa kinapomtaarifu msimamizi wa masafa kwamba kina mzigo, alafu kinatulia mpaka kipangiwe muda wake. Basi.

Sasa waifai kwa kawaida haiombi. Ni baraza la kahawa pale Ujiji, hakuna mwenyekiti, wenzako wakinyamaza ndo unaanza. Kifaa kinasikiliza hewa, kikikuta kimya kinasubiri kidogo kwa kubahatisha, vipande vya maikrosekunde 9 kwenye nyingi za sasa, alafu kinarusha bila ruhusa ya ruta, na kikigongana na mwenzake kinarudia kwa kusubiri zaidi. Ipo njia ya kuuliza kwanza kama hewa iko wazi ila ni ya hiari, na kuanzia Wi-Fi 6 ruta inaweza kugawa zamu yenyewe. Huku ndo kugombania, na asili yake ni Hawaii mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake waliunganisha visiwa kwa redio, kila kituo kinarusha kikijisikia, kisipojibiwa kinarudia. Hesabu zinaonyesha mtindo ule hata ukienda vizuri kabisa unapitisha kama asilimia 18 tu ya uwezo wa chaneli, ukiwalazimisha wote waanze kurusha kwa vipande vya muda vilivyopangwa inapanda hadi kama 37.

Mnara wa 4G hauendi ivo. Mnara ndo unaamua, milisekunde kwa milisekunde, nani arushe. Simu iliyokwisha kuunganishwa ina kinafasi chake cha kusema nina mzigo, inapewa upenyo mdogo, inataja mzigo ni kiasi gani, inapangiwa. Hapo haigombani na mtu.

Ila utaombaje zamu wakati kuomba nako ni kurusha, na wewe hujapewa zamu? Hapa ndo penye utamu na ndo panaporukwa kila siku. Simu iliyokuwa imelala inachagua kwa kubahatisha alama moja fupi, kila eneo la mnara lina 64 na baadhi zimetengwa kwa kazi maalumu, inairusha na kusubiri kujibiwa. Simu mbili zikichagua alama moja kwa wakati mmoja, zote zinadhani zimejibiwa zenyewe, zinarusha pamoja, mnara ukibahatika kumsikia mmoja unamtaja huyo na mwingine anaanza upya. Kwaiyo kugombania kupo, ila kwenye kubisha hodi tu. Siku Mashujaa wanacheza Uwanja wa Lake Tanganyika, watu maelfu wanataka kutuma video goli likiingia, wanabanana hapo mlangoni, na waliokwisha ingia wanasubiri foleni ya mnara.

Alafu kuna mvuvi aliyetoka Kibirizi yuko mbali ziwani, mistari miwili inaonekana na meseji haitoki. Huyo hagombani na yeyote. Mistari inapima unavyousikia mnara, haipimi mnara unavyokusikia wewe, na simu ya 4G kwa kawaida inarusha mwisho kama wati 0.2 wakati mnara una makumi ya wati. Ombi lake halifiki kabisa.

Kwaiyo fundi wangu, mteja akija na simu yenye mistari kamili isiyotuma, muulize kwanza alikuwa wapi na watu walikuwa wangapi, kabla hujamwambia abadilishe laini.