Kiwewe baada ya ajali: maswali na majibu

Nilinusurika ajali ya basi miezi miwili iliyopita. Majeraha yamepona, mbona bado sina amani?

Mwili umepona, ila ubongo bado unajihami. Hicho ndicho kiwewe. Unafika stendi ya Nane Nane hapa Dodoma, wapiga debe wanaita "Moro, Dar!", moyo unaenda mbio, viganja vinalowa jasho, unarudi nyumbani ukisingizia tumbo. Usiku ajali inajirudia ndotoni. Mlango ukibamizwa unaruka. Watoto wakipiga kelele unawafokea, kisha unajilaumu. Wengi hupitia haya wiki za mwanzo, yakapoa yenyewe. Yakipita mwezi na kukuvurugia kazi, usingizi au ndoa, ni ugonjwa, na unatibika.

Ndugu wanasema nimechezewa kichawi.

Kuombewa nenda. Ila kliniki usiiache, wala usikubali kuambiwa uache dawa.

Niende Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili? Si wataniita chizi?

Mtaani ukitaja Mirembe watu wanacheka, utani uliowachelewesha watu wengi kupata tiba. Kliniki ya nje unaingia asubuhi, unarudi kwako. Lakini si lazima uanzie huko. Anza zahanati, kituo cha afya au General, yaani hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikibidi watakupa rufaa. Ukifika sema wazi: "Nilipata ajali, tangu hapo silali." Ukisema kichwa kinauma tu, utaondoka na Panadol.

Nitapewa vidonge?

Tiba kuu ni mazungumzo na mtaalamu. Anakuongoza kulikumbuka tukio ukiwa salama, na kuyarudia kidogo kidogo unayoyakwepa: kwanza kufika stendi tu, siku nyingine kukaa ndani ya basi lililosimama, baadaye safari ya kwenda Kibaigwa na kurudi. Baadhi husaidiwa na dawa za sonona kama sertralini, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Pombe na vidonge vya usingizi vya kujinunulia, hapana.

Mume wangu hataki kuzungumzia yaliyompata. Nimbane?

Usimbane. Kumlazimisha mtu asimulie kila kitu kunaweza kumzidishia. Kaa naye, msindikize kliniki. Akisema anatamani kufa, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Na aliyebakwa?

Awahi kituo cha afya mapema, kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia VVU, na ushauri nasaha uanze hapohapo. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mtoto, piga 116, ni bure.