Benki imeshafuta deni la kadi, mbona bado unapigiwa simu?

Kauli hii nimeisikia zaidi ya mara moja kwa ndugu zetu walioko Marekani: "Lile deni la kadi niliachana nalo, benki yenyewe ikalifuta." Miezi inapita, kisha siku moja saa mbili na dakika tano asubuhi simu inaita. Ni kampuni asiyoijua, inamtaja kwa majina yake yote na kudai dola 3,600. Yeye alitumia 3,000 tu. Imekuwaje?

Tuanze na hizo 600. Riba ya kadi ya mkopo hupigwa kila siku, na ya leo huingia kwenye hesabu ya kesho. Deni la dola 3,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka huzaa karibu dola 2 kila siku. Ongeza faini ya kuchelewa, thelathini na kitu kila mwezi, na ndani ya miezi 6 umefika hapo bila kununua hata soda.

Sasa hilo neno "kufuta". Taratibu za Marekani zinaitaka benki iliondoe deni la kadi kwenye hesabu ya mali zake likifikisha siku 180 bila kulipwa. Ni mambo ya vitabu tu, kama benki zetu zinavyohangaika na mikopo chechefu, ile isiyolipwa. Anayedaiwa hajasamehewa chochote. Mara nyingi benki huliuza deni, na hapa ndipo penye utamu: mwaka 2013 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliripoti kwamba wanunuzi wakubwa wa madeni walilipa wastani wa senti 4 kwa kila dola inayodaiwa. Kwa bei hiyo, deni la 3,600 limenunuliwa kwa dola 144. Ndiyo maana mpigaji hachoki, na ndiyo maana ukibanana naye anaweza kukubali nusu.

Ile saa mbili na dakika tano nayo si bahati. Sheria ya mwaka 1977 inawakataza wakusanya madeni kupiga kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa tatu usiku. Hawaruhusiwi pia kukutishia jela, maana deni la kadi halimfungi mtu kule. Ukipokea barua yao ya kwanza una siku 30 za kulipinga deni kwa maandishi, nao lazima wasimame hadi walithibitishe.

Hatari yenyewe ni samansi ya mahakama inayotupwa kwenye droo pamoja na vipeperushi vya pizza. Usipojibu, mdai hupewa hukumu ya upande mmoja. Kwa hukumu hiyo anaweza kuzuia akaunti yako, au mshahara ukakatwa juu kwa juu. Sheria ya shirikisho inaruhusu hadi asilimia 25 ya kinachobaki baada ya kodi. Texas hairuhusu mshahara kukatwa kwa deni la namna hii, lakini pesa zikishaingia benki ni habari nyingine.

Doa kwenye rekodi yako ya mikopo hukaa takriban miaka 7, na mwenye nyumba unayetaka kupanga kwake ataliona. Muda ambao mdai anaweza kukushtaki huhesabiwa kwa saa nyingine kabisa: New York miaka 3, California 4. Katika majimbo kadhaa, ukimtumia mdai hata dola 10 za kumtuliza, saa hiyo huanza upya.

Na tuseme mmeelewana, ukalipa 1,500 na 2,100 zikasamehewa kweli. Mwanzoni mwa mwaka unaofuata inakuja fomu ya kodi, 1099-C. Hutumwa kwa msamaha wa kuanzia dola 600, na kilichosamehewa huhesabiwa kuwa kipato chako, isipokuwa uonyeshe kwamba deni liliposamehewa madeni yako yalizidi mali zako.